Ini la Kiguu na Njia

"Huyu amenikata maini miaka kumi na moja, daktari. Leo ni zamu yake."

Daktari wa upasuaji alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mimi nilitazama sakafu. Aliyesema ni mke wangu, fundi cherehani, niliyemwacha nikapotelea kwenye malori. Muuguzi ndiye aliyempigia. Fomu ilitaka namba ya ndugu, nami kichwani nina namba moja tu.

Kwenye picha, uvimbe wa kansa ulikaa upande wa kushoto wa ini langu, mbele, sentimita nne.

"Njia ni tatu," daktari alisema. "Kuna sindano ya kuuchoma kwa joto, ila hiyo hufaa zaidi uvimbe ukiwa chini ya sentimita tatu. Kuna matundu madogo tumboni, naingiza kamera na vyuma virefu ninavyovishika mwenyewe. Au matundu hayohayo, vyuma vishikwe na roboti."

"Roboti," nikawahi. "Haichoki, haitetemeki."

"Mzee, peke yake haifanyi kitu. Mimi ndiye ninayeiendesha. Vyuma vyake vinajipinda kama kifundo cha mkono. Uvimbe ukijificha nyuma ya ini, inanisaidia sana. Wako uko mbele."

Mke wangu akavuta kiti.

"Umeshapasua mara ngapi, mwanangu?"

"Kwa roboti, kumi na tisa. Kwa mkono, mia mbili na kitu."

"Na damu ikigoma kukata humo ndani?"

"Nafungua tumbo, mama. Sioni aibu."

Alimtazama daktari vile anavyomtazama mteja kabla ya kushika utepe wa kupimia.

"Fundi anayekubali kufumua ndiye fundi," akaniambia. "Huyu akupasue kwa mkono wake."

Nikakubali. Lakini mchana wa siku ya kulazwa, miguu yangu ikanipeleka inakojua. Simu ikalia mlio wa ujumbe wa mke wangu.

"Nimekuta kitanda kitupu. Uko wapi?"

"Yadi ya malori. Nimepata safari. Siku tatu tu."

"Mara ya mwisho pia ulisema siku tatu."

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Nikampigia mke wangu.

"Naogopa," nikasema.

"Kufa?"

"Kuamka nikute hupo."

Nilisikia magurudumu ya kitanda yakipita karibu naye.

"Hofu hiyo naijua," akasema. "Nimeamka nayo miaka kumi na moja, na nguo za watu nikashona. Njoo uone mtu anavyobaki."

Nikashuka lorini na begi langu.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza kuona kilikuwa kidole chake chenye kovu la sindano, kimeshika shuka. Kesho yake muuguzi alipobadilisha bandeji, mke wangu aliinama akakagua tumbo langu.

"Matundu matano," akasema. "Mshono hauvutani hata kidogo. Daktari yule ningempa kazi kesho asubuhi."

Majibu ya maabara yakatoka: kingo za kipande kilichokatwa hazikuwa na kansa. Daktari akasisitiza vipimo kila miezi mitatu.

"Atakuja," mke wangu akajibu. "Nikimburuta."

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alishika fomu na penseli.

"Anwani, mzee?"

Miaka yote nilikuwa nikitaja namba ya lori. Nikamwangalia mke wangu.

"Andika kwake," nikasema.

"Kwetu," akasema yeye, akimwekea muuguzi kalamu mkononi. "Na hiyo penseli iweke kando, dada. Andika kwa wino."