Zamu ya Kuita

Furushi lilikuwa limelowa. Athanase alilishusha begani, akaligusa, kisha akatazama juu. Jua lilikuwa linawaka, na mvua haikuwa imewapiga tangu watoke Mpofi. Akamuuliza Evode kama alikuwa amelidondosha majini bila kumwambia. Evode akajibu kwamba yeye si mtoto, na kama kuna mtu asiyejua kubeba kitu, basi ajiangalie mwenyewe. Haya, wakaanza tena.

Hawa wawili walikuwa hivyo. Miaka yote walipasua mbao pamoja, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni, msumeno mmoja kati yao, na sijasikia siku waliyokubaliana juu ya kitu chochote. Waligombania nani ashuke kula vumbi la mbao, nani amenoa vibaya, nani amemaliza chumvi. Aliyewaweza alikuwa mmoja tu, Damascène, mwenzao wa shoka, aliyeangusha miti na kuisafisha matawi. Wakianza kelele, yeye aligonga gogo mara mbili kwa kisigino cha shoka, ko, ko, akauliza kwa upole, "Zamu ya nani?" Mwenye zamu alishuka shimoni akinung'unika, na kazi ikaendelea.

Sasa Damascène alikuwa ndani ya furushi, au ndivyo walivyoamini.

Watatu hao walitoka Mushaki, kwenye milima ya maharagwe na ng'ombe, wakashuka misitu ya Walikale kutafuta kazi, maana uhuru ulikuwa bado mpya na kila mtu alitaka mbao za kujenga. Huko Mpofi homa ikamkamata Damascène na haikumwachia. Walimzika kulekule. Maiti haibebeki kwa miguu mlima wote ule, na lori zilikuwa zimeacha kupita kwa ubovu wa barabara. Katekista Léopold alimsalia vizuri. Lakini kabla ya kukata roho, Damascène alimshika Athanase mkono na kumwomba amrudishe kwa mama yake, kwa desturi ya kwao, na Athanase akasema ndiyo. Hilo neno ndilo lililokuwa likimsukuma njia nzima.

Desturi ya ukoo ule haikuwa ngumu. Mtu wao akifia ugenini, aliokuwa nao wanakata nywele na kucha zake, wanazifunga ndani ya shati lake pamoja na udongo wa kaburi, wanazileta nyumbani. Mama anazilaza kitandani, anaongea na mwanawe mchana mmoja, halafu wanazika furushi migombani, walipo babu zake. Sharti ni moja. Marehemu havuki maji bila kuitwa. Kila mto, mwenye furushi anasimama, anamwita jina, anamwambia maji ndiyo haya, vuka, tuko na wewe. Asipoitwa anabaki ng'ambo, na nafasi yake ndani ya shati haikai tupu.

Wakapeana zamu. Mto huu Athanase, unaofuata Evode. Kwenye mto Loashi aliita Athanase, na sauti yake ikakatika katikati kwa uchungu. Mbele kidogo wakakuta maji meusi yanakatiza barabara, membamba, mtu anaweza kuyaruka bila kuinua kanzu. Athanase akampa Evode furushi na kusimama akingoja.

"Hii haiko muto," Evode akasema. "Iko mufereji."

"Maji iko maji. Zamu yako, ita."

"Mimi siite mufereji. Kama unapenda sana, ita wewe."

Athanase angeweza kuita. Neno moja, pumzi moja, yangekwisha. Lakini alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na zamu haikuwa yake, kwa nini kila siku awe yeye? Akafunga mdomo. Evode naye akafunga wake. Wakaruka kila mtu na hasira yake, na nyuma yao kitu kikaingia majini, chubwi. Athanase akajiambia ni chura.

Ndipo furushi lilipoanza kulowa.

Walilikamua, likalowa tena. Lilinuka majani yaliyooza chini ya maji, na kadiri walivyopanda kuelekea Masisi ndivyo lilivyozidi uzito, mpaka ikabidi wapokezane kila kona na kila mmoja amshutumu mwenzake kwa uvivu. Ukungu ukashuka mchana kweupe. Evode alikuwa akilalamika kwamba Athanase anatembea polepole kusudi, Athanase akamjibu kwamba mtu mvivu ni yule aliyeshindwa hata kuita, na baada ya neno hilo, kuita, likasikika tena nyuma yao, kuita, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Wakageuka. Ukungu tu.

Tangu hapo Athanase akawa anahesabu miguu bila kutaka, miguu yake, miguu ya Evode, na chini ya hiyo, miguu mingine iliyokanyaga tope kwa sauti ya maji, ikisimama waliposimama na kuanza nusu hatua baada yao, na kila walipogombana, na waligombana, jamani, hata kwa hofu ile waligombana, neno la mwisho lilirudiwa nyuma, kila mara sawasawa zaidi, mpaka karibu na Mushaki halikurudiwa tena na sauti ngeni ila na sauti ya Evode kwa Athanase na sauti ya Athanase kwa Evode, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenzake kama ni yeye aliyesema.

Mama Verdiane, mama yake Damascène, alikuwa mlangoni anawangoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiye na mtoto mwingine. Alilipokea furushi kwa mikono miwili, akastuka kwa uzito wake. Aliingia nalo ndani, akafunga mlango. Wao wakakaa nje kwenye benchi, na Athanase akapumua kwa mara ya kwanza tangu Loashi. Aliona ameshatimiza neno lake.

Walimsikia mama anaongea chini chini. Alimweleza mwanawe habari za shamba na za ng'ombe aliyezaa. Halafu akanyamaza kama mtu anayesikiliza. Maji yakadondoka ndani, tone kwa tone, kisha yakatiririka. Na sauti ya Evode ikatoka kule chumbani, wazi kabisa.

"Hii haiko muto."

Evode alikuwa kwenye benchi, bega kwa bega na Athanase, mdomo umefungwa. Machozi yakaanza kumtoka.

Mlango ukafunguka. Kitenge cha Mama Verdiane kilikuwa kimelowa mpaka magotini.

"Muliniletea nani?" akauliza.

Wakamweleza. Hata hapo, niamini mimi, Evode alitaka kusema Athanase naye angeweza kuita, na Athanase akafungua mdomo kumjibu, na ndani ya nyumba kitu kikacheka kwa furaha. Mama Verdiane akainua mkono. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mutoto wangu anasimama ku maji peke yake," alisema. "Anangoja muntu amuite. Na ninyi munaleta kintu ya mufereji, munailaza ku kitanda yake. Muirudishe. Iliingia mu bugomvi yenu, njo chakula yake. Musigombane tena mpaka mwanangu azikwe. Munasikia? Hata neno moja."

Waliondoka saa ileile na furushi limening'inia kwenye mti mabegani mwao, mmoja mbele, mwingine nyuma, maana mtu mmoja hakuliweza tena. Athanase aliona aibu. Alikuwa ameahidi jambo moja tu katika maisha yake lenye maana, na alilivunja kwa ajili ya mfereji.

Kile kitu kilijua kuwa kinarudishwa. Kilimwita Athanase mwizi wa chumvi kwa sauti ya Evode, kikamwambia kwamba Damascène alikufa kwa sababu yeye alichelewa kumletea maji ya kunywa, na hilo lilikuwa kweli kidogo, na Evode alikuwa amewahi kulisema siku ile ya msiba, kwa hiyo Athanase hakujua tena nani anayesema, akang'ata ukosi wa shati lake akaendelea kutembea, na alipomtazama Evode aliona naye amejiziba masikio kwa majani na anatembea huku akilia, kwa hiyo akajua kwamba sauti yake mwenyewe nayo inamtesa mwenzake kwa maneno ambayo, Mungu amsamehe, aliwahi kuyafikiria.

Lakini hawakujibu. Walifika.

Waliruka mfereji kurudi upande wa Walikale, wakafungua shati juu ya maji. Yakatoka maji meusi, mengi kuliko ndoo mbili, kutoka kwenye shati moja la mtu mwembamba. Mwisho wake zikabaki nywele, kucha na udongo, vikavu. Wakafunga tena. Hawakuulizana zamu ya nani. Waliita pamoja.

"Damascène, maji njo haya. Vuka, tuko na wewe."

Kimya. Wakaita tena, na Athanase akamwomba msamaha, akasema rafiki yangu, tulikuwa wajinga, usituache hivi. Ndipo kutoka msituni nyuma yao, mbali, ikaja, ko, ko.

Evode alipiga magoti palepale. Athanase alicheka na kulia kwa pamoja, akalichukua furushi, na lilikuwa jepesi, lina harufu ya tumbaku ya Damascène. Furaha ikawapanda kichwani. Evode akasema sasa abebe yeye, kwa kuwa zamu ilikuwa yake tangu mwanzo. Athanase akasema zamu yako uliikataa, mzee. Evode akamwita kichwa cha gogo. Walibishana wakicheka kama zamani, wakaruka pamoja.

Nyuma yao, chubwi. Safari hii hawakusikia.

Damascène alifika. Mama Verdiane alikaa naye mchana kutwa, na waliokuwa nje walimsikia akicheka mle ndani. Alizikwa migombani kwa babu zake, na furushi lilikuwa kavu mpaka udongo wa mwisho. Athanase alilala usingizi mzuri. Neno lake lilikuwa limetimia, na hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kilichobaki ni kitanda, maana mbao zake zilioza kwa maji yale. Wale wawili wakaahidi kumpasulia mama mbao mpya. Walichimba shimo nyuma ya nyumba, wakapandisha gogo, wakaanza, Athanase juu, Evode chini. Asubuhi yote walipasua kwa adabu. Jua lilipokaza, Evode akatoka kunywa maji, akaja kusimama kando ya gogo na kusema sasa ni zamu ya Athanase kushuka. Athanase, mkono bado kwenye mpini, akasema yeye ndiye aliyechora mistari ya kupasulia, na hiyo inahesabika kama zamu, kwa hiyo zamu bado ni ya Evode.

"Yako," Evode akasema.

"Yako."

"Yangu," ikasema sauti shimoni.

Na msumeno ukavutwa kwenda chini, taratibu, kwa mkono uliokwisha kuijua kazi. Vumbi la mbao lililodondoka lilikuwa limelowa.