Mwizi Aliyesubiri Wageni Watoke

Mlango haukuvunjwa. Dirisha halikuguswa. Ila kompyuta kubwa iliyozoea kunguruma mchana na usiku katika chumba kile, juu ya duka la fundi cherehani, ilikuwa kimya, na droo ya meza ilikuwa wazi, tupu.

"Wameniua!" alilia mwenye chumba. Alikuwa ameketi sakafuni, kichwa mikononi.

Inspekta alimtazama. Inspekta mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mfupi, miguu ikimsumbua tangu alfajiri. "Aliyeuawa halalamiki, ndugu yangu. Inuka ukae kitini, unieleze taratibu."

Mtu huyo walimwita Profesa, ingawa hakuwahi kufundisha hata chekechea. Miwani tu ndiyo iliyompa cheo. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walikuwa wakiandika programu ya seva, jina lake Bawabu. Mtu akifungua tovuti ya hospitali au ya shule, Bawabu ndiye anayempokea mlangoni, anamsikiliza shida yake, kisha anamletea ukurasa anaoutaka. Ni programu huria. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha, bila malipo.

"Bure?" Sajini aliuliza, kijana mrefu asiyeweza kukaa na utani moyoni. "Sasa mwizi kaiba nini? Mtu anaibaje kitu cha bure?"

"Kaiba ufunguo wa sahihi. Kidude kama flashi, hakizidi kidole gumba. Tukitoa toleo jipya bila sahihi hiyo, kompyuta za watu zinalikataa." Profesa alipangusa miwani kwa shati. "Toleo lilipangwa lijiachie lenyewe asubuhi hii. Linaziba tundu ambalo wahalifu wameshaligundua. Kuna hospitali zinalingoja, Afande. Magonjwa ya watu, vipimo vyao, vyote viko nyuma ya mlango huo."

Inspekta aliacha kufikiria miguu yake.

Sajini alipulizia unga wa alama za vidole kwenye droo, kwenye kitasa, kwenye kiti. Alama zilikuwa tele, zimepandana. Alipofika kwenye sinki la pembeni akaita, "Afande, njoo uone maajabu! Mwizi ameosha kikombe."

Kweli, kikombe kimoja kilikuwa kimefudikizwa, bado kina maji. Profesa aliapa kwamba si yeye.

"Hilo tunakuamini," alisema Sajini, akivitazama vikombe vingine vilivyorundikana mezani na masalia ya chai ya juma zima.

Pamoja na utani wake wote huo, Sajini alikuwa na cheti cha uchunguzi wa makosa ya mtandao. Aliinakili diski kwanza, kama sheria inavyotaka, ndipo akawasha mashine na kusoma kumbukumbu zake.

"Hapa mtu katoa amri ya kufunga," alisema. "Lakini haikuzimika pale pale. Imekaa karibu saa nzima."

"Iliganda?"

"Haikuganda," Profesa alijibu kwa sauti ndogo. "Bawabu anafungwa kwa namna mbili. Unaweza kumkata ghafla, na waliomo ndani wakakatika naye. Au unamwambia asipokee mtu mpya, ila waliokwisha kuingia awahudumie mpaka wamalize. Kulikuwa na shule moja inapakua programu yetu, hiyo hapo kwenye kumbukumbu. Mtandao wao wa kusuasua."

"Kwa hiyo mwizi ameingojea shule imalize?"

"Ndiyo."

"Na ufunguo wa wizi mfukoni?"

"Ndiyo, Afande."

"Na chai mkononi," Sajini akamalizia.

Profesa hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka puani.

"Umeshamjua," Inspekta alisema.

"Sijui kitu."

"Haya. Nani wana ufunguo wa mlango huu?"

"Mimi. Na Bwana Tai, maana kampuni yake ndiyo inayotulipia pango." Akaangalia sakafu. "Na shemeji yangu, Mama Pacha. Mke wa marehemu mdogo wangu. Bawabu tulimwanzisha sisi watatu."

Bwana Tai aliingia kituoni akinukia manukato, na kabla hajaketi alikuwa ameshatazama saa.

"Ulitaka kuununua mradi wao, wakakukatalia?"

"Walinikatalia."

"Ukakasirika?"

"Nilicheka, Inspekta. Mtu anayekataa pesa ni wa kuchekwa."

"Toleo lao likichelewa, nani anafaidika?"

Akajikuna kidevu. "Sisi, kidogo. Wanaotumia programu yao watakuja kununua yetu. Lakini mimi ni mfanyabiashara, si kibaka."

"Swali la mwisho. Ukitaka kuizima seva, unafanyaje?"

Bwana Tai alimwangalia kana kwamba ameulizwa jinsi ya kuzima taa. "Si unachomoa waya?"

"Nenda zako," Inspekta alisema, akafunga jalada.

Sajini alingoja mlango ufungwe. "Afande, umemwachia kwa ajili ya waya tu?"

"Mtu wa kuchomoa waya hakai saa nzima kuisubiri shule. Niletee Profesa."

Profesa aliketishwa kwenye kiti kile kile. Inspekta hakuzunguka mbuyu.

"Toleo hili aliliandika nani?"

"Mimi."

"Aliyelikagua?"

Profesa aligeukia dirisha.

"Sajini amezisoma kanuni zenu, mmezibandika wenyewe kwenye tovuti. Hakuna anayepitisha kazi yake mwenyewe. Lazima liwepo jicho la pili. Nauliza tena, nani alilikagua?"

"Kulikuwa na haraka, Afande."

"Haraka hajawahi kukagua kitu. Nani?"

"Mimi." Profesa aliinamisha kichwa. "Jicho la pili siku zote lilikuwa la Shemeji. Safari hii akanikatalia mara tatu, hadharani, pale pale kwenye tovuti, kila mtu anasoma! Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika msimbo, tangu yuko mchumba wa mdogo wangu. Nikapandwa na hasira, nikamwondolea ruhusa zote."

"Alipokukatalia, alitoa sababu gani?"

"Alieleza kirefu." Alichezea ukingo wa meza. "Sikusoma mpaka mwisho."

Inspekta alishusha pumzi. Miaka yake yote ya upelelezi, alikuwa ameona nyumba nyingi zikivunjika kwa maneno ambayo mtu hakuyasikiliza mpaka mwisho. Aliinuka. "Twende kwa shemeji yako."

Mama Pacha alifungua kabla hodi ya pili haijapigwa. Sare za shule za watoto wawili zilikuwa zimening'inizwa juu ya kiti, na kompyuta ndogo ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, kando ya pasi yenyewe.

"Karibuni. Nilidhani mtafika mapema zaidi." Alimwona Profesa nyuma yao, akaangalia pembeni. "Shikamoo, Shemeji."

"Marahaba," Profesa alijibu.

"Mama, nina swali moja tu," alisema Inspekta. "Ukitaka kuizima seva, unafanyaje?"

"Unawasubiri waliomo wamalize," Mama Pacha alisema, haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Kisha akafumba macho. Alikuwa ameelewa.

"Una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema litaandikwa na laweza kutumika kama ushahidi."

"Andikeni. Mimi ndiye. Niliingia mapema, nikachukua ufunguo wa sahihi, nikatoa amri ya kufunga. Ningeweza kukata mara moja nikaondoka, wala msingenijua. Lakini nikaiona ile shule bado inapakua." Akapangusa jicho kwa kiganja. "Kipande hicho cha kufunga polepole alikiandika mume wangu. Ndiyo kazi yake ya mwisho kabla hajalazwa. Alikuwa akisema, mgeni hafukuzwi akiwa na tonge mkononi. Mkono wangu ukakataa, Afande. Ulikataa tu. Basi nikachemsha chai, nikangoja."

"Na kikombe?" Sajini hakuweza kujizuia.

"Nilikiosha. Ningemwachia nani, huyu?"

"Lakini kwa nini, Shemeji?" Profesa alilipuka. "Watu wanangoja! Hospitali zinangoja!"

"Njoo ukae hapa, Shemeji. Sajini, nawe shika simu yako, ufungue anwani hii. Shemeji ni mgonjwa wa kwanza, wewe ni wa pili. Hili ndilo toleo lake, kwenye kompyuta yangu. Sasa natuma wagonjwa wa bandia, wengi, wabishe hodi kwa pamoja."

Alibonyeza. Wakangoja kidogo.

"Mbona mimi nina mimba?" aliuliza Sajini.

Hakuna aliyecheka. Profesa aliinyakua ile simu. Majibu ya vipimo aliyoandikiwa mgonjwa wa kwanza yalikuwa kwenye kioo cha mgonjwa wa pili.

"Umeziba tundu moja, ukafungua lango," Mama Pacha alisema. "Watu wakizidi, Bawabu anampa huyu majibu ya yule. Mume wangu alipopewa majibu yake tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Hakutaka hata mama yenu ajue, mpaka apate nguvu ya kumwambia mwenyewe. Hospitali ile ile inamtumia Bawabu. Siri ya mtu kama yeye ikaangukie kwa jirani yake, kupitia kazi ya mikono yake mwenyewe? Ruhusa ulishaninyang'anya. Kilichobaki kilikuwa kuiba, nikaiba."

"Na tundu la zamani?" aliuliza Inspekta.

"Niliziandikia hospitali zizime kwa muda kipengele chenye tundu. Zimezima, zimenijibu. Nami nilikuwa namalizia marekebisho yangu. Jioni ningeleta ufunguo kituoni kwa miguu yangu." Alifungua kopo la sukari, akatoa kidude kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka mezani.

Profesa alivua miwani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu."

"Kweli." Aliitikia kwa kichwa, tena na tena. "Uliniambia. Nisamehe, Shemeji."

Inspekta alikohoa. "Mlalamikaji, unaendelea na malalamiko?"

"Malalamiko gani, Afande? Ofisi ni yake, ufunguo ni wake. Mimi ndiye niliyeanza kumnyang'anya."

"Sajini, andika. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Jalada nitampelekea mkuu mwenyewe." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Na hayo marekebisho yako, nani ameyakagua?"

Mama Pacha aliitazama kompyuta yake, kisha akamtazama Profesa.

"Kanuni ni kanuni," alisema Inspekta.

Mama Pacha akakivuta kiti mbele ya meza ya pasi, Profesa akaketi. Alisoma kimya, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Kisha akarudi juu na kuweka kidole kwenye kioo.

"Shemeji, hapa. Mtu akikatika katikati, nafasi yake huirudishi. Siku chache tu, mlango utajaa watu wasiokuwepo."

Mama Pacha aliinama, akatazama. "Ala!" Akaangua kicheko huku anafuta machozi. "Umenipata. Rudi nyuma kidogo, nirekebishe."

Jua lilikuwa limeanza kushuka waliporudi wote kwenye chumba cha juu ya duka. Toleo jipya lilikuwa na sahihi. Lilibakia jambo moja: Bawabu wa zamani, aliyekuwa akihudumia tangu Sajini aiwashe mashine, afungwe ili mpya aingie. Profesa aliweka mkono kwenye kibodi, akasita, akasogea.

"Funga wewe."

Mama Pacha alitoa amri. Majina ya waliomo yakaanza kupungua kwenye kioo, moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja, linapakua kwa kusuasua.

"Bado mmoja," alisema.

Sajini alitazama saa. Inspekta alivua viatu, akaketi, akanyoosha miguu. "Basi tunamsubiri."

Profesa alisimama pale kidogo, hana la kufanya. Halafu akavikusanya vikombe vyote vilivyokuwa mezani, akaenda navyo sinkini, akafungua bomba.