Kidonda Juu ya Kovu la Moto

Mwoka mikate alikuwa na kovu la moto mguuni, la tangu usichana wake. Siku hizi juu ya kovu hilo palikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Kingo zake zilikuwa ngumu, na kilitoa damu akisimama sana mbele ya tanuri.

Jioni mumewe, fundi viatu, alikuwa akimwosha kidonda hicho. Siku moja aliweka kitambaa chini.

"Namwita dada yangu," alisema.

Wifi huyo alikuwa muuguzi. Alivaa glavu, akatazama bila kukunja uso.

"Wifi, kilianza lini?"

"Mwaka jana. Nilidhani kovu linawasha tu."

"Kidonda kwenye kovu la zamani kisipopona kwa wiki chache, lazima kipimwe. Kinaweza kuwa saratani. Kesho nakupeleka mwenyewe."

Hospitalini walikata kinyama kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani ya ngozi, tena imezama. Lakini picha zilionyesha haijafika kwenye mfupa, wala haijasambaa.

Daktari alisema ataanza kwa leza, yaani mwanga wenye nguvu unaokata nyama kwa kuichoma.

"Moto ndio ulioanzisha haya," mwoka mikate alisema polepole. "Leo nichomwe tena?"

Wifi alimshika mkono. "Utadungwa ganzi, hutasikia maumivu. Leza inakata huku ikiziba mishipa midogo ya damu. Kwako haitoshi peke yake, maana ugonjwa umeingia ndani. Daktari atamalizia kwa kisu, kisha atafunika jeraha kwa ngozi ya paja lako."

"Nikikataa?"

"Ugonjwa utazidi kuula mguu, wifi yangu."

Fundi viatu, aliyekuwa amefuatana nao, alisogea karibu.

"Mke wangu, mimi natengeneza viatu jozi jozi," alisema. "Naomba miguu yote miwili."

Mwoka mikate alicheka, machozi yakamtoka. Akakubali.

Matibabu yalikwenda vizuri. Vipimo vilionyesha saratani imeondolewa yote, ingawa ataendelea kurudi kliniki kuangaliwa. Ngozi mpya ilishika taratibu, na kila jioni mumewe aliipaka mafuta aliyopewa na daktari.

"Bado naogopa kuigusa," alisema usiku mmoja. "Naiona ngeni."

"Ngeni wapi?" mkewe alimjibu. "Hiyo ni ya paja. Mmejuana zamani."

Fundi viatu aliinamisha kichwa, akacheka kwa haya, kama bwana harusi.