Kitako cha Bunduki ya Swalha

Mkono wa mume wangu ulikuwa begani kwa mwanamke mwingine.

Na huyo mwanamke alikuwa ameshika bunduki!

Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyeniona.

"Lete shavu," mume wangu alikuwa anamwambia. "Legeza shingo. Hapo hapo... usiondoke."

Usiondoke!

Wadau, sauti ile ya upole mimi niliisikia mara ya mwisho siku ya mahari. Nikaona giza.

"HERIEL!"

Subirini kwanza. Nirudi nyuma siku tatu, msije mkanihukumu bure. Mkishajua yote mtanihukumu vizuri zaidi.

Ilikuwa mwaka 1998, Guangzhou, China. Mume wangu Heriel alikuwa kocha wa mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, zile za kutoboa karatasi, siyo za vita. Chama chao kilimpeleka kusoma mwaka mmoja kwenye shule ya michezo, pamoja na mchezaji mmoja tu.

Mchezaji mwenyewe ni Swalha. Binti wa Unguja, miaka ishirini na tatu, mrefu, mwembamba, ana sauti ya kubembeleza hata akiuliza saa ngapi.

Mimi Joyness, mwanamke wa Machame, nilimfuata mume wangu na mtaji wangu. Nilikuwa nanunua mashati na viatu Zhanxi, kule kwenye maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni, nafunga mizigo natuma Dar. Watu walisema nimefuata biashara. Waongo! Nilikuwa nawafuata wale wawili.

Basi, Jumatano nafua suruali ya Heriel, nakuta karatasi mfukoni. Mwandiko wake kabisa.

"Swalha. Kiwiko hadi kidole, 31. Bega hadi shavu, 17. Shingo ndefu."

Shingo ndefu!!!

Mimi ni mtu wa nguo jamani. Ukiniletea karatasi yenye jina la mwanamke na sentimita, kichwani mwangu kuna neno moja tu. Gauni. Mume wangu anamshonea Swalha gauni!

Na miaka minne ya ndoa, yeye hajui mimi navaa saizi gani.

Nikampelekea Bibiana ile karatasi. Bibiana ni wa Bukoba, tulikuwa tunachangia stoo pale Zhanxi. Ukiwa na moto wako mdogo, yeye anakuja na petroli.

"Shoga, huyu ana mikono mirefu," akasema.

"Najua."

"Na mwanaume hajui urefu wa shingo ya mtu kwa kuangalia tu kwa mbali..."

"Bibiana!"

"Kwani nimesema kitu? Mimi sijasema kitu."

Alhamisi sikufunga mzigo hata mmoja. Nilikwenda Kangle, kile kijiji cha vyerehani, kila uchochoro kuna fundi. Nikazunguka karakana baada ya karakana nauliza kama kuna Mwafrika mrefu ameleta vipimo vya mwanamke. "Mei you, mei you." Hakuna, hakuna.

Ya kumi na moja, mama mmoja akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Yupo. Ameagiza koti.

"Koti gani?"

Akanigusisha kitambaa. Turubai nene, na ndani linawekwa ngozi.

Koti la turubai, Guangzhou hii ya jasho? Anampeleka wapi mtoto wa watu, kwenye theluji?

Ijumaa Heriel akaniambia mwenyewe, bila aibu.

"Kesho nipo karakana ya shule na Swalha. Kuna kitu tunachagua."

"Kitu gani?"

"Mambo ya kazi, Joyness. Hutaelewa."

Hutaelewa! Sasa mnaelewa kwa nini Jumamosi nilimwambia mlinzi wa geti "laogong, laogong", yaani mume wangu yuko ndani, nikapita kama upepo hadi kwenye ule mlango.

Turudi pale pale.

"Joyness? Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu yangu! Endelea bwana, mwambie alete shavu!"

Swalha akaiweka bunduki mezani taratibu.

"Dada, sivyo unavyodhani, wallahi."

"Wewe nyamaza! Gauni lako limeshaisha?"

"Gauni lipi?"

Pembeni kulikuwa na mzee wa Kichina, Fundi Liang, seremala wa vitako vya bunduki pale shuleni. Nywele zimejaa vumbi la mbao. Alitutazama kama mtu aliyefunguliwa televisheni.

Heriel hakufoka. Aliichukua ile bunduki akanipa mikononi.

"Shika. Weka begani. Nyoosha."

Nikanyoosha. Mtutu ukaanza kuinama... ukainama... nikaunyanyua, ukainama tena.

"Inakufanyaje?"

"Mbele kunaniangusha."

"Basi ndilo tatizo letu."

Akanieleza. Mtutu wa bunduki ile ulikuwa mzito kuliko nyuma yake. Risasi kumi za mwanzo Swalha anapiga katikati. Zikifika thelathini mkono umechoka, mbele kunalala, zote zinatua chini. Majaribio yalikuwa Jumatano inayofuata. Alitakiwa kupata pointi 380 kati ya 400, na kila siku anaishia 370. Akikosa, anarudishwa nyumbani.

Mezani kulikuwa na vitako viwili. Ndiyo, kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Acheni kucheka.

Cha kwanza kilikuwa cha mti mzuri, kimeng'arishwa hadi unajiona uso. Cha pili kibaya! Vyuma, skrubu, vijino, utadhani kimeokotwa gereji.

"Hiki cha mbao hakibadiliki, ni wewe ukifuate," Heriel akasema. "Hiki kingine kinakufuata wewe. Unakirefusha, unakifupisha. Hapa pa shavu panapanda na kushuka. Na huku nyuma kabisa unafunga kipande cha chuma kizito, kivutane na uzito wa mbele."

"Mimi nataka hicho kibaya," Swalha akasema.

Fundi Liang akainua kidole gumba.

"Na karatasi? Na lile koti la Kangle?" nikauliza, sauti imeshapungua.

"Vipimo vya kitako, mke wangu. Na koti ni la mchezo, linamshikilia mgongo asitikisike."

Nikaikunjua tena ile karatasi. Hakuna kifua. Hakuna kiuno. Hakuna nyonga. Mtu wa nguo mzima, nimezunguka Kangle siku nzima natafuta gauni lisilo na kiuno!

Sasa mngedhani wivu uliishia hapo.

Wapi!

Ndiyo kwanza ulipata miguu. Mwanzo nilikuwa naona wivu kwa jambo la kuhisi. Sasa nimeona kwa macho. Ule upole, ule uvumilivu, kipimo cha bega lake anakijua mpaka sentimita. Mimi nikisema kichwa kinauma, ananiambia kunywa maji.

Halafu Bibiana akaniletea habari nyingine.

"Akifaulu, si wanakwenda kambi Beijing miezi mitatu?"

"Wanakwenda akina nani?"

"Yeye na kocha wake. Kwani hukuambiwa?"

Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa sijasikia.

Kuanzia pale nikawa na ombi moja tu kwa Mungu... Swalha akose! Akose, afungashe, arudi kwao Unguja, mimi nibaki na mume wangu. Niliomba hivyo kanisani, Jumapili, nimepiga magoti.

Jumatano ikafika. Majaribio saa tisa alasiri. Nikaamka nikakanda chapati, nikazipeleka shuleni. Kila mtu akasema Joyness siku hizi amebadilika.

Wachina wakishakula mchana wanapumzika. Shule nzima ilikuwa kimya. Fundi Liang amejilaza kwenye benchi la karakana, kofia usoni. Swalha amekwenda kuswali. Heriel amekwenda kubandika karatasi za shabaha.

Bunduki ipo mezani, na kitako chake kipya. Pembeni, spana ndogo ya kulegezea skrubu.

Nikatazama mlango...

Nikalegeza skrubu. Nikakisukuma kitako ndani, kijino cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikakaza. Kimekuwa kifupi. Nilijua tu kwamba kila kitu walichokipima kwa siku nyingi nimekiharibu.

Na spana nikaitia kwenye pochi. Wakigundua, warekebishe kwa meno!

Ndugu zangu, mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Nikaenda kukaa na watazamaji. Saa tisa Swalha akaingia amevaa lile koti la turubai. Fundi wa Kangle alikuwa amelichelewesha, limefika asubuhi ile ile.

Akainua bunduki. Akasita! Akaishusha, akaitazama, akamtazama Heriel. Heriel yuko nyuma ya mstari, haruhusiwi kusema neno.

Akainua tena.

Paa! Kumi.

Paa! Kumi.

Paa! Tisa.

Nikajisemea, ngoja mkono uchoke.

Risasi ya ishirini. Thelathini. Mtutu umetulia! Thelathini na tano... umetulia tu, kama umewekwa juu ya meza!

Pointi 387.

Ukumbi ulilipuka. Heriel anarukaruka kama mtoto. Mimi nimekaa tu.

Fundi Liang akaichukua bunduki, akahesabu vijino. Akakunja uso. Aliongea Kichina, Heriel akatafsiri huku ameduwaa.

"Anasema kitako kimefupishwa vijino vitatu."

Nikaibana pochi yangu kwapani.

Mzee akamsogelea Swalha, akaliminya bega la koti kwa vidole viwili. Akaanza kucheka. Koti lile lilikuwa nene kama godoro! Heriel alimpima Swalha bila koti. Kwa urefu ule wa mwanzo, pamoja na unene wa koti, bunduki ingesukumwa mbele, mkono ungenyooka mno, mbele kungelala kama zamani. Ilipofupishwa, ikarudi mwilini, uzito ukakaa juu ya mkono wake. Kile chuma cha nyuma kikamalizia.

Heriel akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Sasa nani alijua?"

Fundi Liang akaninyooshea kidole. Kumbe chini ya kofia jicho moja lilikuwa wazi, liliniona pale mezani!

Nilitamani ardhi ipasuke. Swalha alinijia mbio, nikafumba macho nikisubiri kofi... akanikumbatia! Analia.

"Dada Joyness! Umeliona koti! Sote hatukuliona, wewe umeliona! Mtu wa nguo ni mtu wa nguo!"

Wote wakanitazama. Heriel naye akanitazama.

Nikafungua mdomo. Mnajua nilisema nini?

"Kawaida tu."

Kawaida tu!!! Wiki iliyofuata nikawasindikiza stesheni, wakapanda treni ya Beijing, miezi mitatu. Niliwapeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Hakukuwa na lolote kati yao. Wala halikuwahi kuwepo. Swalha aliolewa kwao, akazaa, na kila Idd ananitumia halua. Kila mtu anayemjua anajua habari ya dada Joyness aliyeokoa majaribio yake. Miaka ishirini na saba nakula halua ya watu kwa sifa isiyo yangu.

Mwezi uliopita akanipigia.

"Dada, binti yangu anaolewa. Nataka wewe uje umfunde."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Wewe mume wako alikuwa na mimi kutwa kucha, na hukunionea wivu. Ukanisaidia. Nataka asikie kwako."

Chakula kilinishinda siku mbili. Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, nikamkalisha mume wangu.

"Baba Elia, ile siku ya majaribio ya Swalha... mimi sikuliona koti. Nilitaka akose."

Alikuwa anafuta miwani. Akaendelea kufuta.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Spana niliikuta kwenye pochi yako jioni ile, natafuta kalamu. Mtu anayesaidia hafichi spana."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mbona hukusema?"

"Swalha alikupenda. Nikaona nimwache na dada yake."

"Na wewe je?"

Akavaa miwani yake. Halafu akasema bila hasira, na hapo ndipo aliponimaliza.

"Mimi nilijifunza. Tuliporudi nyumbani, si ulikuwa unaniletea chai karakana? Nilikuwa naacha kazi, nakaa na wewe mpaka unaondoka. Sikutaka ubaki peke yako na bunduki za watu."

Wadau... kwa miaka yote hiyo nilikuwa namringia Bibiana! Nikimwambia, shoga, mimi mume wangu nikiingia tu anaacha kila kitu anakaa na mimi.

Nilidhani ni mapenzi.

Kina dada wenzangu, mnaopekua mifuko na simu, sikilizeni. Mimi nilimtafuta mtu asiyeaminika katika ndoa yangu kwa nguvu zangu zote, na alikuwepo. Heriel ndiye aliyemwona kwanza, akamfichia siri, akaishi naye.

Swalha mdogo wangu, najua watu watakutumia hii kabla sijapata ujasiri wa kukupigia. Nisamehe. Harusi nitakuja ukinikubalia, lakini mtoto mtafutie mtu mwingine wa kumfunda.