Namba Iliyobaki Ndani ya Pampu

Mwalimu mstaafu alikutwa amekata roho kitandani, pampu ya dawa ikinguruma ubavuni pake. Daktari aliyechunguza maiti hakumung'unya maneno: dawa ya maumivu ilizidi mara kumi. Muuguzi wa zamu akatiwa pingu mbele ya wenzake.

"Niliandika kipimo cha tatu," alimwambia Inspekta, macho yamemvimba. "Au labda niliandika thelathini. Sijui tena, afande. Nina mtoto bado ananyonya."

Inspekta hakupenda kesi zinazokuja zimeiva. Akampeleka wodini, akamketisha mbele ya kompyuta inayoendesha pampu.

"Fanya kama siku ile."

Akaandika tatu kwenye kisanduku, akabofya Anza. Pampu ikaonyesha tatu. Muuguzi akainamisha kichwa. Kama mashine haina kosa, basi kosa ni lake.

Inspekta akamwita muuguzi mwingine, mama wa makamo, ajaribu. Huyu aliandika tatu, akagonga kitufe cha Ingiza, ndipo akabofya Anza.

"Mbona umegonga Ingiza?"

"Tumezoea, afande. Usipogonga, inabaki namba ya mgonjwa aliyetangulia."

"Mwenzako hajui?"

"Ametoka likizo ya uzazi juzijuzi. Kila mtu alidhani mwingine keshamwambia."

"Mbona sasa hivi hakugonga, na namba haikubaki?"

Yule mama akaitazama kompyuta upya.

Njia ya mwongo ni fupi. Wachunguzi wa kompyuta wa polisi walithibitisha kwamba programu ilibadilishwa asubuhi ya kifo, kabla polisi hawajafika. Mwenye ruhusa ya kuigusa alikuwa mmoja tu, mtaalamu wa programu wa hospitali. Naye alikuwa kaka wa mtuhumiwa, tumbo moja.

"Ulirekebisha nini?"

"Mambo madogo tu, afande."

"Mtu amekufa. Nieleze mambo madogo."

Mtaalamu akaeleza: "Pampu haisomi unachokiona kwenye kisanduku. Inasoma kigeu, yaani mahali programu inapotunza namba. Zamani kila tarakimu iliingia kwenye kigeu papo hapo, king'ora kikilia ovyo kabla namba haijakamilika, wauguzi wakalalamika. Nikabadili, namba iingie ukigonga Ingiza tu. Dada aliandika tatu kweli. Kigeu kilikuwa bado na thelathini."

"Na asubuhi ile?"

"Nikaunganisha upya kisanduku na kigeu kama zamani, ili msione kitu."

"Dada yako yuko mahabusu. Ulinyamaza kwa nini?"

Akajifunika uso. "Baba hutembea kifua mbele kwa ajili yangu. Kila mgeni lazima amtajie jina langu. Niliogopa kumwangusha. Nikadhani dada atapewa onyo, yaishe."

"Yaishe kwa nani?" Inspekta alifoka. Miaka yote kazini, na bado ndugu wa namna hii walimtia uchungu.

Dada akaingizwa, pingu zimefunguliwa. Alikuwa amesikia yote mlangoni. Hakupiga kelele.

"Nilimpigia magoti mke wa marehemu, kaka," alisema. "Nikamwambia ni mimi niliyemuua mumewe. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale, umenishika bega."