Mwanga Uliofika Mita Mia Mbili

Kila siku akitoka shule, Mbishi alipanda kwenye paa la nyumba yao na kupunga kitambaa chekundu. Mita mia mbili kutoka hapo, mama yake, mpimaji wa viwanja, aligeuza darubini ya kupimia, akamwona, akainua mkono. Mtoto amefika salama, kazi iendelee.

Siku hiyo Mbishi alikiacha kitambaa ndani. Alikuwa ameazima tochi ya leza kwa rafiki yake, akamlenga mama.

Mama ndiyo kwanza alikuwa anainamia darubini. Doa la kijani likacheza kwenye mkono wa shati lake. Akafumba macho, akaifunika lenzi kwa kiganja. Punde alikuwa juu ya paa, anahema.

"Lete hiyo tochi!"

"Mama, ni mbali sana kule! Mwanga ukifika kwako umeshatawanyika. Hata mbu hadhuriki."

"Nani kakwambia?"

"Akili yangu."

"Haya, bingwa. Twende tukaipime."

Kaka yake Mbishi aliitwa, akaachwa juu ya paa na tochi, akaamriwa alenge ubao mweupe tu. Kiwanjani, kwenye kivuli cha ukuta, mwanga ulitua ubaoni: mpana kama sahani, tena hafifu.

"Si nilisema!" Mbishi akacheka. "Umepoa kama chai ya jana."

Mama aliuondoa ubao, akaisimamisha darubini mahali pake, akashika karatasi nyuma ya tundu la kuchungulia.

"Usichungulie. Tazama karatasi."

Sahani ilikuwa imegeuka punje ya mchele, kali mno hata Mbishi akakunja uso.

"Lenzi ya mbele ni pana kuliko mboni," mama alisema. "Inaukusanya mwanga uliotawanyika na kuubana. Hapa penye karatasi, kila siku huwa pana jicho langu la kulia."

Mbishi akadakia: "Lakini hukuchungulia."

"Niliwahi kuliona doa kwenye shati. Ningechelewa kidogo je? Sehemu ya ndani ya jicho ikiungua, huenda usisikie maumivu, na huenda isipone tena."

Mbishi akampungia kaka yake azime tochi.

"Ubishi wako siutaki ufe, mwanangu," mama akasema. "Bisha, lakini pima kwanza. Na usipime kwa jicho la mtu."

Kesho yake Mbishi alirudisha tochi. Rafiki yake akambeza: "Mwoga wewe! Kwa mbali haina neno."

"Nani kakwambia?" akauliza Mbishi, kisha akakimbilia nyumbani kupunga kitambaa chake.