Githae Hakuwa Amelewa

Ukisikia ploti moja ya nyumba za kupanga pale mtaani Kimbo ikicheka, ujue Magdalene yuko kambani, anaanika nguo huku akisimulia. Jioni moja alikatiza hadithi ghafla. Mumewe Githae alikuwa anarudi kutoka kazini, kiwandani Thika, na alikuja akiyumba ukuta hadi ukuta.

"Baba Becky! Umerudia pombe?"

"Sijaonja hata tone. Lakini naona Magdalene wawili."

"Ngai! Mmoja anakushinda, wawili utawaweza?"

Majirani wakaangua kicheko. Githae hakucheka. Aliacha pombe alipookoka, na kanisa zima lilijua. Magdalene akamnusa mdomo. Hakupata harufu, lakini wapi, hakuamini! Mazoea yana taabu, alijiambia. Akampa supu ya kichwa cha mbuzi, ile ya kuwatoa walevi hangova.

Supu ikamtoka pembeni mwa mdomo. Kope zilikuwa zimelegea. Hapo Magdalene akaogopa kweli, akamwita jirani yao Ndinda, mhudumu wa afya wa jamii.

"Mama Becky, acha kumlisha, atapaliwa," Ndinda alisema. "Aliugua hivi karibuni?"

"Alihara tulipotoka kupeleka mahari ya mpwa wake. Nyama ya kuku tuliyokula huko haikuwa imeiva. Lakini alipona!"

"Mimi siwezi kusema ni nini. Lakini kuyumba na kuona mbili mbili ghafla si jambo la kulalia. Twende hospitali sasa hivi."

Hospitalini, Daktari Kyengo akamgonga Githae goti kwa kinyundo kidogo. Mguu haukuruka.

"Huu ni ugonjwa wa Guillain-Barré," alieleza baada ya vipimo. "Kinga ya mwili ilipigana na viini vya ugonjwa wa tumbo, kisha ikakosea, ikashambulia mishipa ya fahamu. Mara nyingi huanza kwa ganzi na miguu kukosa nguvu. Lakini kwa wengine huanzia machoni au usoni, au mtu huyumba kama mlevi. Hauambukizi, wala hajarogwa. Hatari ni ukifika kwenye misuli ya kupumua, ndiyo maana tunamlaza. Mmefanya vizuri kuja mapema."

Magdalene akalia. "Nisamehe, Baba Becky. Nimekuchafulia jina mbele ya ploti nzima."

"Basi nisafishie," Githae akajibu kwa ulimi mzito. "Sauti unayo."

Alipona polepole, kwa matibabu na mazoezi. Jumapili aliyorudi kanisani kwa miguu yake mwenyewe, Magdalene alisimama akatoa ushuhuda mpaka mchungaji akatazama saa. Hakuacha kitu, hata supu aliitaja.

Tangu hapo, mtu akiyumba Kimbo hatukanwi kwanza. Huulizwa kama anaona mbili mbili, na kama tumbo lilimsumbua. Mzee Njau, rafiki mkubwa wa chupa, analalamika kila siku kwamba siku hizi mtu hawezi kulewa kwa amani.